Ovaroli za Wafungashaji

"Harusi ipo palepale, Ijumaa. Bibi harusi asiguswe."

Ujumbe uliingia saa nne kasorobo asubuhi, Jumatatu, kwenye Nokia ndogo iliyolala kando ya ndoo ya sabuni. Jina la mtumaji: Wifi.

Mwanamke aliyeusoma hakuwa na kaka. Mume pia hakuwa naye. Wifi angetoka wapi?

Akaufuta. Akashika pasi.

Pale kiwandani walimwita Dada Pasi. Ofisini kwao, kwenye jengo lisilo na kibao mlangoni, jalada lake liliandikwa Sindano. Huu ulikuwa mwezi wa tatu anafua na kunyoosha ovaroli za wafanyakazi mia na ishirini, ndani ya chumba chenye mashine mbili za kufulia, meza moja ndefu, mlango wa chuma na dirisha la nondo lililotazama uwanja wa magari. Mikono ilikuwa imebabuka. Kiuno kilikuwa kinamuuma kila alfajiri. Kufua hakukuwa maigizo.

Maigizo yalikuwa pasi.

Kwa nje ilikuwa Philips ya kawaida, waya wake umefungwa utepe mweusi. Ndani yake mafundi wa ofisini walikuwa wamepachika kipimo cha mionzi, na ndani ya mpini, redio isiyozidi kiberiti. Ile taa nyekundu inayowaambia wengine kwamba pasi imepata moto, yeye ilimwambia jambo jingine.

Aliipitisha, ikiwa baridi, juu ya ovaroli chafu ya mkamuaji, namba kumi na mbili. Taa ikapepesa mara moja, ikanyamaza.

Akaipitisha juu ya ovaroli ya mfungashaji, namba thelathini na moja.

Taa ikapepesa kama jicho lililoingiwa na pilipili.

Siku ya kumi na saba, majibu yaleyale, na yote yamepinduka. Wakamuaji ndio walioshika tope la thoriamu, lile lenye mionzi, kwa hiyo nguo zao ndizo zilizopaswa kulia. Wafungashaji walijaza unga mweupe, safi, wa kuuzwa nje. Zao zilipaswa kulala kimya.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Sindano alikuwa amekiona. Alikuwa amekiripoti. Na leo, kwa mara ya nne, alikuwa ameambiwa asikiguse.

Saa tano alibeba rundo la ovaroli safi hadi banda la matangi.

Lilikuwa banda refu, lenye mvuke unaowasha pua. Matangi sita, kila moja kubwa kama chumba cha kulala, yalikuwa yamejaa maji ya kijani yaliyofifia. Ule ulikuwa mchanga mzito wa machimboni, uliokwisha kuchemshwa kwa asidi mpaka ukayeyuka wote.

Juu ya ngazi ya tangi la nne alisimama mkemia. Watu walimwita Tone, kwa sababu ya jinsi alivyopima dawa zake, tone kwa tone, ulimi ukiwa umechomoza kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Alikuwa mtu mpole. Aliwasalimia wafagizi kabla hawajamsalimia. Mtu akifiwa, wa kwanza kufika alikuwa yeye.

"Dada Pasi! Umeleta nguo, au umekuja kusoma kemia?"

"Kemia nitaiweza wapi, bosi? Mimi naijua ya Omo tu."

Tone alicheka hadi akashika bomba. Kisha, kama kawaida ya mtu anayeipenda kazi yake, akashindwa kujizuia.

"Hebu sogea. Humu ndani kuna madini mazuri ya kuuza, na kuna mkorofi mmoja, thoriamu. Wote wamelewa asidi. Wameyeyuka, wamekumbatiana, huwezi kujua nani ni nani. Sasa mimi nawapunguzia ulevi. Natia magadi, polepole. Asidi inapoa. Mita ikifika nne, mkorofi anaanguka wa kwanza. Anakuwa tope. Wenzake bado wanaelea."

"Kumbe walevi hawaanguki pamoja."

"Hawaanguki pamoja! Hiyo ndiyo siri yote ya kiwanda hiki. Wakamuaji wanalichuja tope, linafungiwa kwenye stoo ya serikali, lakiri juu yake. Maji yanaendelea na safari, safi, mpaka yawe unga."

"Na usipotia magadi ya kutosha?"

Aliuliza kijinga, mdomo wazi kidogo. Tone alimtazama. Kitambo kifupi sana.

"Basi anapita na wenzake, kama mgeni asiyealikwa. Lakini mita ipo, dada. Iangalie."

Mita ya ukutani ilisema nne.

Tone alipogeuka kupokea simu, Sindano aliinama kufunga kamba ya kiatu. Kutoka kwenye upindo wa mkono akachomoa karatasi nyembamba ya kupimia asidi, akaigusisha kwenye tone lililokuwa likining'inia kwenye bomba la kuchukulia sampuli. Akaitazama ndani ya kiganja.

Mbili.

Asidi ilikuwa bado kali; mita ilikuwa inadanganya. Thoriamu haikuanguka. Ilikuwa imepanda safari na wenzake, imepita mikononi mwa wakamuaji bila kuwagusa, na sasa ilikuwa ndani ya unga mweupe, kwenye mapipa yenye utepe wa bluu na cheti cha usafi kilichotiwa saini na mtu mpole.

Mapipa ya utepe wa bluu yalikuwa na mteja mmoja tu. Mizigo miwili yake ilikwisha kuondoka, ikavuka mpaka, ikapotea kama sindano kwenye majani. Huko ilikokwenda walikuwapo watu wenye subira na mtambo wa nyuklia, waliojua kwamba thoriamu ikipikwa muda mrefu hugeuka kuwa kitu cha kutengenezea bomu. Hakuna aliyejua ghala lao lilipo. Mzigo wa tatu ndio ungefuatwa, kimyakimya, hadi mlangoni.

Ndiyo maana bibi harusi hakutakiwa kuguswa.

Saa saba mchana Bi Mizani alikuja na chupa yake ya chai.

Asubuhi alikuwa akisimamia kupima mapipa kwa wafungashaji. Mchana alihamia kibandani, kwenye mizani ya magari karibu na geti, ambako hakuna gari lililotoka bila karatasi yake. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mnene, mcheshi, sauti yake ikisikika kuliko king'ora.

"Shikamoo, Bi Mizani."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Au pasi ndiyo inakula chakula chako?" Akajicheka mwenyewe. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakaa. Akaegemea meza mpaka kikapita. "Vumbi tu. Unga wa siku hizi mwepesi, unapaa kama poda."

"Vaa barakoa, mama."

"Stoo wanasema zimeisha, miezi sasa. Tumeambiwa unga ni safi, hata ukiula."

Sindano alimimina chai. Mkono wake haukutetemeka. Alikuwa amefunzwa mkono usitetemeke.

"Hujaniuliza habari za mjukuu," alisema Bi Mizani.

"Hajambo?"

"Hajambo, ana meno mawili! Na analala kama bosi. Nimemshonea godoro. Ile mifuko ya ndani ya mapipa, inayochanika, si huwa wanaitupa? Nikaichukua sita. Laini, nyeupe. Nikaikung'uta kidogo, nikajaza pamba, nikashona. Miezi miwili sasa hajalia usiku hata mara moja."

Chai ilifurika kikombe, ikamwagika mezani.

"Dada Pasi! Umeona jini?"

"Mkono umeteleza, mama."

Alingoja mpaka Bi Mizani aende zake. Akawasha mashine zote mbili zingurume, akapiga simu.

"Wifi."

"Nakusikia." Sauti ya mwanamke, kavu.

"Kuna mtoto."

"Mtoto gani?"

"Mjukuu wa mpimaji. Analalia mifuko ya unga. Miezi miwili."

Mashine zikazunguka.

"Siku nne," alisema Wifi.

"Ana meno mawili."

"Nimekusikia. Ukimwambia bibi yake, bibi atamwambia jirani, jirani atamwambia Tone. Mteja atayeyuka, na mizigo miwili tutaisikia siku itakapolipuka. Unataka nikufafanulie zaidi?"

"Hapana."

"Fua nguo."

Simu ikakatwa.

Alifua nguo.

Kesho yake, Jumanne, baada ya zamu, Sindano alishuka nyumbani kwa Bi Mizani akiwa na godoro jipya la mtoto, la sponji, bado limo ndani ya nailoni.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, imefagiliwa ikang'aa, na pazia la maua likigawa sebule. Binti wa Bi Mizani alimpokea, mtoto yuko begani.

"Karibu, shangazi. Mama bado hajarudi."

"Sikai. Nimepita tu kumletea mwenzangu zawadi ya meno." Akamchezea mtoto kidevu. Kalamu ya Parker iliyokuwa mfukoni mwake, ambayo ndani haikuwa na wino bali kipimo kama kile cha pasi, ilianza kutetema dhidi ya kifua chake alipolikaribia godoro jeupe. Ilitetema kama nzi aliyenaswa. "Hili la zamani nipe nikalifue na mashine za kiwandani. Linanuka maziwa."

"Jamani, shangazi! Utajisumbua bure."

"Si taabu."

Alilikunja, likaingia kwenye mfuko mweusi mnene. Mtoto alilisikitikia, akalililia na kulinyooshea mikono yote miwili. Alilizoea.

Njiani Sindano alijiambia kwamba hakuvunja amri. Hakusema neno lolote. Godoro si neno.

Alijua kwamba anajidanganya.

Jumatano, saa tano asubuhi, mlango wa chumba cha kufulia ulifunguliwa bila kubishwa.

Alikuwa Tone. Hakusalimia.

"Dada Pasi. Godoro la mjukuu wa Bi Mizani liko wapi?"

"Nimelifua, bosi. Linakauka."

"Linakauka wapi?"

Sindano aligeuza ovaroli mezani.

"Bi Mizani amekuja kunishukuru," alisema Tone, kwa upole uleule, kana kwamba anamweleza jambo la kemia. "Eti nina wafanyakazi wenye utu. Ameniambia la zamani umelichukua kwenye mfuko mweusi. Nikajiuliza. Mfua nguo anayenunua godoro jipya, nimeelewa. Ana huruma. Lakini mfua nguo anayeondoka na la zamani?" Akatikisa kichwa. "Huyo anajua kilichomo ndani."

"Na wewe ulijua kilichomo ndani."

Uso wa mkemia ulikunjamana. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Sikujua kama wanachukua mifuko."

"Lakini unga waliuvuta kila siku, na barakoa ukazifungia."

"Wangevaa barakoa, wangeuliza kwa nini." Aliokota Nokia kando ya ndoo, akaitia mfukoni. "Mzigo hauondoki Ijumaa. Unaondoka sasa hivi, na mwenyewe amekuja kuuchukua. Saa mbili tu, dada. Baada ya hapo nitakufungulia. Sijawahi kumpiga mtu maishani mwangu."

Mlango ukafungwa. Komeo likaingia kwa nje. Kisha kufuli.

Casio ya mkononi ilisema saa tano na dakika saba.

Sindano alizamisha mkono kwenye pipa la sabuni ya unga, hadi kwapani, akaibuka na Glock 19 ndani ya nailoni. Risasi kumi na tano. Mlango wa chuma wa inchi nzima. Nondo nene kama gumba. Nje ya dirisha, uwanja umejaa watu waliopita na shughuli zao.

Bunduki bila mlango ni chuma tu.

Alipindua pasi, akafungua mpini.

"Sindano kwa Wifi."

Mkwaruzo. "Sema."

"Mzigo unatoka. Sasa hivi."

"Ijumaa."

"Sasa hivi. Wameshtuka. Mteja mwenyewe yuko hapa."

Mkwaruzo mrefu.

"Vijana wangu wako mbali. Saa mbili."

"Kwa saa mbili watakuwa wamevuka mpaka."

"Basi lizuie gari."

"Nimefungiwa."

Mkwaruzo ukaendelea.

"Wifi?"

"Nakusikia." Na kwa mara ya kwanza katika miaka sita, sauti ile ilichoka. "Sina la kukuambia."

Sindano alisimama dirishani, mikono kwenye nondo, akaangalia. Foklifti ilikuwa inapakia. Pipa la utepe wa bluu. Jingine. Jingine. Lori la Isuzu lilizidi kushuka juu ya magurudumu yake. Kando yake Land Cruiser nyeupe ilikuwa ikinguruma, na bwana mmoja wa nje, aliyevaa shati lililonyooshwa vizuri sana, alikuwa akihesabu kwa kidole. Wafungashaji wawili, weupe kwa unga hadi kwenye kope, walimsaidia kufunga turubai. Mmoja alijifuta uso kwa mkono wake wa ovaroli. Namba thelathini na moja.

Yeye ndiye aliyeinyoosha jana. Mikunjo bado ilikuwa imesimama.

Alitaka kupiga kelele. Angepiga kelele gani? Watu mia na ishirini, na kila mmoja alimjua kama mwanamke wa sabuni.

Ndipo Bi Mizani akapita.

Alikuwa anaelekea kibandani kwake mapema, ameitiwa lori, funguo mkononi, njia ikipita chini ya dirisha lile. Alikuwa anakohoa.

"Mama!"

Bi Mizani aliinua macho. "We! Mbona umejifungia?"

"Nimefungiwa. Sogea. Usicheke, usipaze sauti." Sindano alishusha uso hadi kwenye nondo. Na maneno aliyoyameza kwa siku kumi na tisa yakatoka, mafupi, makavu, kama yanasomwa kwenye jalada. "Unga ule si safi. Una sumu, sumu ya mionzi. Tone ameiacha ipite makusudi, wanaiuza nje. Ndiyo inayokukohoza. Ilikuwamo kwenye mifuko."

Bi Mizani alitabasamu, akisubiri mzaha uishe. Haukuisha.

"Mifuko ipi?"

Sindano alitazama mikono ya yule mama.

"Godoro," alisema Bi Mizani mwenyewe. Alisema polepole. "Ndiyo maana ukalichukua."

"Ndiyo, mama."

"Nimemlaza mimi. Kwa mikono hii."

"Mama, nisikilize. Lori likitoka getini, hatutalipata tena. Mimi siwezi kutoka. Sina uwezo wowote. Nimebaki na wewe tu."

Honi ya Isuzu ililia. Bi Mizani alitazama lori, akatazama funguo zake. Hakulia. Hakuuliza swali jingine. Alikwenda kibandani kwake kwa mwendo wake wa kila siku, akaingia, akajifungia kwa ndani.

Isuzu ilipanda juu ya bamba la mizani, ikasimama kusubiri karatasi. Land Cruiser nyuma yake.

Karatasi haikuja.

Badala yake, mti wa geti uliokuwa umeinuliwa ulishuka, pa! Na vipaza sauti vya uwanja mzima, vilivyozoea kutangaza namba za magari, vikakohoa. Kisha vikazungumza.

"Wafungashaji wote. Acheni unga. Narudia, acheni unga. Tokeni nje, njooni mizani. Tunakunywa sumu, jamani. Mimi mwenyewe nimemlisha mjukuu wangu. Tokeni."

Walitoka. Kwanza watatu, wakishangaa. Kisha kumi. Kisha milango ya ghala la kufungashia ikajaa watu weupe, wanaume kwa wanawake, wakipepesa macho kwenye jua. Walikuja mpaka mbele ya lori, wakasimama. Hawakuwa na mawe wala fimbo. Walisimama tu, kama watu waliopotea njia, mpaka kati ya lori na geti pakakosa pa kuweka mguu.

Bwana wa shati lililonyooshwa alishuka. Alikuwa na bastola, Beretta nyeusi, na Kiswahili cha maneno machache.

"Fungua! Ondoka!"

Alipiga risasi hewani. Watu waliinama wote, kama majani upepo ukipita. Kisha wakasimama tena. Si kwa ushujaa. Hawakujua wakimbilie wapi. Kilichokuwa kinawaua kilikuwa kifuani mwao.

"Endesha!" bwana alimfokea dereva wa lori.

Dereva alitazama kioo cha mbele. Akazima injini. Akashuka, akaweka funguo juu ya boneti, akajitenga pembeni. "Mimi nilikodiwa kubeba mapipa," alisema. "Sikukodiwa kukanyaga watu."

Sindano alishika nondo hadi vidole vikafa ganzi. Kutoka dirishani aliona bwana yule akigeukia kibanda. Alikuwa mbali mno, na kati yao kulikuwa na vichwa hamsini. Aliinua Glock. Akaishusha. Akaiinua.

Kufuli likalia mlangoni.

Tone aliingia akihema, uso umemwiva kama mtu wa homa. "Dada, njoo uwaambie! Mwambie Bi Mizani afungue, yule atamuua, sikutaka mambo haya, mwambie wewe atakusi..."

Alinyamaza. Mdomo wa Glock ulikuwa chini ya kidevu chake, na bado ulikuwa na chembe za sabuni.

"Geuka, mtaalamu."

"Dada Pasi..."

"Tangulia. Haraka."

Walivuka uwanja, mkemia mbele, mfua nguo nyuma. Watu waliona, wakaachia njia. Bwana wa shati alikuwa amesimama juu ya bamba la mizani, Beretta imegusa kioo cha kibanda. Nyuma ya kioo Bi Mizani alikuwa amekaa kwenye kiti chake, wima, mikono mapajani, anamtazama usoni.

"Tupa silaha!"

Bwana akageuka. Alikuwa mwepesi.

Sindano alikuwa mwepesi zaidi.

Risasi moja. Bega la kulia. Beretta iliruka, ikateleza chini ya lori. Bwana alikaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka, na shati lake likaanza kubadilika rangi.

"Mlaze kifudifudi," Sindano alimwambia dereva. "Mtaalamu, na wewe. Mikono kichwani."

Ndani ya mfuko wa suruali ya bwana kulikuwa na simu ya Samsung. Alikamata kidole gumba cha mwenyewe, akaifungua. Ramani ilikuwa wazi. Safari mbili za nyuma, mshale mmoja, mahali pamoja.

Ghala.

Akawaacha wawili wale chini ya macho ya wafungashaji, akairudia redio ya pasi kwenye chumba cha kufulia.

"Wifi. Bibi harusi yuko salama. Bwana harusi pia. Na nyumba yao nimeiona."

"Rudia."

"Nimeiona nyumba yao."

Pumzi ndefu upande wa pili. "Kazi safi, Sindano."

Akazima redio.

Vijana wa Wifi walifika saa saba na dakika kumi, magari manane. Kufikia saa kumi habari zilikuja kwamba askari wa nchi jirani wamevunja mlango wa ghala, na mapipa yote ya utepe wa bluu yamepatikana, hayajafunguliwa. Tone alipandishwa gari akiwa na pingu. Aliomba radhi kwa kila aliyepita mbele yake, hata kwa askari.

Wafungashaji walipangwa mstari uwanjani. Watu wa mavazi meupe ya plastiki waliwapitishia vipimo, mmoja mmoja, kichwa hadi kiatu. Ovaroli zilivuliwa, zikatupwa kwenye mapipa. Walipewa magauni ya hospitali, wakayashika nyuma kwa mikono, wakiona haya.

Sindano alimfuata daktari wa ofisini, kijana mwenye macho mekundu.

"Watapona?"

"Ngozi tutaiosha. Nguo tutazizika."

"Nimekuuliza watapona?"

Daktari alivua glovu moja, akaitazama. "Iliyoingia mapafuni, dada, haitoki. Kwenye tangi unaweza kuitenga. Kwa mtu hatujui namna. Wengine watazeeka nayo wasihisi kitu. Wengine hapana. Tutawapima kila mwaka."

"Na mtoto?"

"Wamekwenda kumchukua. Sijui. Kweli sijui."

Land Cruiser ya ofisini ilikuwa inamsubiri nje ya geti, mlango wa nyuma umefunguliwa. Akaanza kwenda. Alifunzwa kutembea namna ile: usiharakishe, usigeuke, mabega yashuke, kama mtu aliyemaliza zamu.

"Ngoja."

Bi Mizani alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Gauni la hospitali lilimbana. Bila kilemba, nywele zake zilikuwa za mvi zote.

"Ulijua tangu lini?"

Angeweza kudanganya. Uongo ulikuwa kazi yake, na aliuweza.

"Siku kumi na tisa."

Bi Mizani alitikisa kichwa juu chini, mara kadhaa. Alikuwa anahesabu, na Sindano alijua anahesabu nini. Usiku kumi na saba. Kumi na saba ambao mtoto alilazwa pale, na mtu mmoja alijua unga ule ni nini.

"Walikukataza."

"Walinikataza."

"Ukawatii."

"Niliwatii, mama."

Upepo ulipita, ukainua vumbi jeupe kidogo uwanjani, na watu wa mavazi ya plastiki wakakimbilia kulimwagia maji. Bi Mizani alisubiri mpaka wakamaliza.

"Jina lako nani hasa? Si hilo la pasi. Ulilopewa na mama yako."

"Siruhusiwi."

"Najua huruhusiwi. Nataka nijue nikirudi nyumbani leo, nimuombee nani, au nimlaani nani. Bado sijaamua. Lakini siwezi kumpelekea Mungu jina la pasi."

Sindano alitazama gari. Alitazama mstari wa watu walioshika magauni yao kwa nyuma. Kisha alisogea, akainama kwenye sikio la yule mama, akamwambia.

Bi Mizani alilirudia kwa midomo tu, bila sauti, akageuka kumfuata mtu wa plastiki aliyekuwa akimwita.

Mlango wa Land Cruiser ulifungwa. Mwanamke mwenye miwani ya kusomea na faili mapajani hakuinua macho kwenye karatasi zake.

"Yule mama alitaka nini?"

"Aliniuliza saa," alisema Sindano.

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia."

Wifi akafungua ukurasa mwingine, akampa dereva ishara. Gari likaondoka.